Sura ya Saba: Tundu Ndani ya Tundu

Kindu haina daraja juu ya Lualaba. Mtu wa Alunguli mwenye shughuli zake Kasuku au Mikelenge huvuka kwa mtumbwi, kwa boti la injini au kwa kivuko, na mizigo yake, iwe saruji, mpunga au pikipiki, hufuata njia hiyo hiyo. Mji wenyewe ulikua kwa sababu reli na maji vilikutana hapa. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1902 na kundi la baroni Édouard Empain wa Ubelgiji, ilifungua mwaka 1906 reli ya kuyakwepa maporomoko kati ya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu. Kisha ikajenga nyingine ya kilomita 355 kutoka Kindu kwenda Kongolo. Kati ya Ubundu na Kindu palibaki zaidi ya kilomita 300 za mto unaopitika, na hapo reli haikuhitajika, kilihitajika chombo. Ndiyo maana mji uliitwa kwa miaka mingi Kindu-Port-Empain: ulikuwa bandari kwanza, mengine yakafuata.

Meli za chuma zilikuwa za kampuni. Vyombo vya mbao vimekuwa siku zote vya mafundi wa ufukoni, na hao ndio ninaowaandikia sura hii.

Mtumbwi wa Wagenya, wanaoujua mto huu kuliko mtu yeyote, huchongwa kutoka gogo moja na hauhitaji tundu. Balenieri, lile boti refu la mbao za kupasua, ni kazi ya namna nyingine kabisa. Lina mkuku, lina mataruma, lina mbao za ubavuni, na nyuma lina boriti mbili nene ambazo injini hukalia. Vyote hivyo vinashikana kwa chuma kinachopita ndani ya mti. Sehemu kubwa ni misumari, na msumari hauna siri nyingi. Lakini pale ambapo nguvu ya kweli inavuta, kwenye boriti za injini, kwenye maungio ya mkuku, kwenye taruma linalobeba sitaha, msumari hautoshi. Pale huwekwa bolti, na bolti ina kichwa, na kichwa hicho lazima kizame ndani ya mbao. Kikibaki juu kitapasua magunia, kitakwaruza mchanga boti linapovutwa ufukoni, kitakusanya maji na kushika kutu, na siku moja kitaumiza mguu wa mtoto aliyekalia mizigo.

Tundu la kuzamisha kichwa cha bolti ni matundu mawili yaliyo kwenye mstari mmoja. La kwanza ni pana na fupi, lenye sakafu tambarare, ambamo kichwa na washa yake hukaa. La pili ni jembamba, linaanzia katikati ya sakafu hiyo na kupita hadi upande wa pili. Humo hupita shina la bolti. Katika sura hii nitaliita lile pana kinywa, na lile jembamba koo. Shida yote ya kazi hii ni kuhakikisha koo linatoka katikati kabisa ya kinywa, na kwamba yote mawili yanaelekea upande mmoja.

Jambo hili si la leo. Mtepe wa pwani, ule uliokuwa ukijengwa Lamu na visiwa vya jirani, ulishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na matundu ya mshono yakazibwa kwa vigingi vya mti. Tundu la ubao wa juu lililokuwa halilingani na la ubao wa chini lilivuta kamba upande, na maji yakapata njia. Hata mto wetu umewahi kubeba mfano wake. Mwishoni mwa mwaka 1876 Henry Morton Stanley alishuka Lualaba kutoka Nyangwe akiwa na Lady Alice, boti lililojengwa na James Messenger wa Teddington, Uingereza, kwa vipande vya kutenganishwa. Wapagazi walivibeba vipande hivyo kutoka pwani, wakaviunganisha penye maji na kuvitenganisha penye nchi kavu. Safari ile iliacha vifo na vilio kando ya mto, na siwezi kuisifu. Lakini fundi anayesikia habari ya boti linalofunguliwa na kufungwa tena mara nyingi namna ile hujiuliza swali moja tu: matundu yake yalichimbwa kwa uangalifu gani hata yakaendelea kukutana?

Tuchukue mfano wa boriti ya injini, na bolti ya milimita 12. Kichwa chake huhitaji spana ya 19. Ukipima kutoka pembe hadi pembe kichwa hicho kina karibu milimita 22, na washa yake ya kawaida ina kipenyo cha 24. Fundi asiyewaza mbele huchimba kinywa cha 25, kwa kuwa washa inaingia. Washa inaingia kweli, lakini spana ya boksi haiingii, kwa sababu boksi ya 19 kwa nje huwa na karibu milimita 26. Atabaki kukishika kichwa kwa ncha ya bisibisi huku akikaza nati upande wa pili, na bolti itazunguka pamoja na nati. Kinywa kinachofaa ni cha milimita 30. Kina chake kinahesabiwa hivi: washa milimita 2 na nusu, kichwa 7 na nusu, kizibo cha mbao 10. Jumla 20. Boriti yenye unene wa milimita 100 inavumilia hilo bila shida. Ubao wa milimita 40 hauvumilii, kwa sababu nusu ya mbao imekwisha kabla bolti haijaanza kushika. Hapo chagua bolti ya milimita 8 na kinywa kifupi zaidi.

Koo la bolti hiyo ni milimita 13, yaani nusu milimita ya nafasi kila upande. Sasa angalia kinachotokea kitovu kikihama. Boksi ya spana ndani ya kinywa cha 30 ina milimita 2 za nafasi kila upande. Koo likihama milimita 2 na nusu, boksi inaanza kung'ang'ania ukuta, na fundi akilazimisha atauchana. Likihama milimita 4, washa inapanda ukuta na kukaa kimshazari. Bolti inayokazwa juu ya washa iliyoinama huvutwa upande mmoja wa kichwa, nayo hupinda polepole kadiri injini inavyotetemeka. Nimeona boriti zilizopasuka kutokea kwenye tundu kama hilo. Mti haukuwa mbovu.

Sasa mpangilio wa kazi, ambao ndio moyo wa sura hii. Anza na kinywa, halafu koo. Pana kwanza, jembamba baadaye.

Mafundi wengi hufanya kinyume, na ninajua wanakoitoa tabia hiyo. Wameiona kwa wachomea vyuma. Kwenye chuma mtu huanza na tundu dogo, kisha analipanua kwa meshi (chuma cha kutobolea) kubwa zaidi, kwa kuwa meshi ya chuma ina ncha ya mteremko na hujitafutia katikati yenyewe ndani ya tundu lililopo. Meshi pana za mbao hazifanyi hivyo. Zinaongozwa na ncha ndogo iliyo katikati, na ncha hiyo lazima ipate mti wa kung'ata. Ukishachimba koo la milimita 13, umeuondoa mti huo. Ncha inaelea hewani, meshi inacheza, ukingo wake unauma upande mmoja kabla ya mwingine, na kinywa kinazaliwa kikiwa kimehama. Hakuna nguvu ya mkono inayoweza kurekebisha hilo, kwa sababu kitovu hakipo tena.

Ukianza na kinywa, kila kitu kinakusaidia. Ncha ya meshi pana inatua kwenye alama uliyoichora, inashika, ukingo unakata duara safi, na unapofika kina chako, katikati ya sakafu panabaki kishimo kidogo kilichochimbwa na ncha ile. Kishimo hicho ndicho kitovu halisi. Meshi ya koo ukiitia humo haina pa kwenda isipokuwa katikati. Huhitaji kupima tena. Mashine ya kutobolea ya kusimama ya kiwandani nayo inafuata mpangilio huu huu, na fundi wa Kindu mwenye keekee ya mkono anaweza kupata matokeo yale yale, maana usahihi huu unatoka katika utaratibu kabla ya kutoka katika chombo. Ninalisema hili kwa sababu nimechoka kusikia vijana wetu wakiambiwa kwamba kazi safi inasubiri umeme.

Alama yenyewe ichorwe kwa guni, mistari miwili inayokatana, si kwa nukta ya penseli iliyokadiriwa kwa jicho. Pale inapokatana, gonga ncha ya msumari mkali mara moja, wima. Kisha chora kwa bikari duara la kinywa kwa ukubwa wake kamili. Duara hilo ni shahidi: meshi ikianza kukata, utaona papo hapo kama ukingo unaifuata alama pande zote au umeanza kuteleza, na bado una nafasi ya kuinamisha keekee na kuirudisha.

Kuhusu meshi. Zile za kujipinda zenye skrubu ndogo mbele, ambazo Mmarekani Russell Jennings alizipatia hataza mwaka 1855, zinajivuta zenyewe ndani ya mbao na zinafaa sana kwa keekee ya mkono. Kasoro yake ni kwamba skrubu hutangulia mbali, na sakafu haitoki tambarare sana. Kwa kinywa, meshi bora ni ile aliyoibuni Benjamin Forstner, fundi bunduki wa Salem, Oregon, na kuipatia hataza mwaka 1874. Forstner alifikiri kwa njia isiyo ya kawaida: badala ya kuiongoza meshi kwa ncha ya katikati, aliiongoza kwa ukingo wake wa mviringo. Kwa hiyo meshi ya namna yake huweza kuchimba hata penye ukingo wa ubao, na sakafu inayoachwa ni tambarare kabisa. Nyingi za bei nafuu zinazouzwa siku hizi zimeweka meno ukingoni na ncha katikati, na bado zinafaa. Tahadhari ni moja: ukiifunga kwenye drili ya umeme na kuiacha ikimbie, ukingo unaungua, unakuwa wa buluu, na haukati tena. Iende polepole, na itolewe mara kwa mara ili maranda yatoke. Meshi ya bapa inayouzwa rahisi kila mahali inachimba kinywa kinachokubalika, lakini ncha yake ni ndefu, na kwenye ubao mwembamba itatokea upande wa pili kabla hujafika kina.

Kina chenyewe hakikisiwi. Toboa kipande kidogo cha mti, kivalishe meshi, kikate kwa urefu unaoacha milimita 20 tu za meshi nje. Kikigusa uso wa boriti, umefika. Utepe uliozungushwa kwenye meshi hutelezeshwa na maranda, na mtu akigundua, amekwisha kuchimba 25.

Boriti ya injini ina ugumu mmoja zaidi: mara nyingi nati nayo inatakiwa izame upande wa pili. Hapo mtu atahitaji vinywa viwili vinavyotazamana, na koo moja linaloviunganisha. Akipima kila upande peke yake, makosa mawili madogo yatakutana ndani ya mti na kuwa kosa moja kubwa. Njia iliyo salama ni hii. Chimba kinywa cha upande wa kwanza. Katika kishimo kilichobaki, pitisha meshi nyembamba ya milimita 3, ndefu ya kutosha, mpaka itokeze upande wa pili. Pale ilipotokea ndipo kitovu cha kinywa cha pili, haidhuru vipimo vyako vilisema nini. Milimita 3 ni kidogo kiasi kwamba ncha ya meshi pana bado inapata mti wa kushika pembeni mwake. Chimba kinywa cha pili, na mwisho panua koo hadi 13, nusu kutoka upande huu na nusu kutoka upande ule. Zikikutana katikati, hata meshi ikiwa imepotoka kidogo, upotofu hautafika vinywani, na nyuzi za mbao hazitachanika upande wa kutokea.

Lakini meshi nyembamba hiyo lazima iende wima. Mtu anayezungusha keekee anaona vizuri ikilala kushoto au kulia. Hawezi kuona ikilala mbele au nyuma, kwa kuwa anaitazama kwa mstari wake mwenyewe. Ndiyo maana kazi hii inataka watu wawili. Mwanafunzi akae pembeni, guni limesimama juu ya boriti, macho yake usawa wa meshi, na kazi yake iwe kusema tu: mzee, imelala kwangu, mzee, iko sawa. Mwanafunzi anayefanya hivyo kwa mwezi mmoja amejifunza wima kuliko yule aliyepewa randa siku ya kwanza.

Asiye na msaidizi atengeneze kipande cha kuongozea. Ni tofali la mti mgumu, kimo cha kiganja, lililotobolewa wima kwa mashine ya kusimama. Kama karakana yako haina mashine hiyo, nenda kwa mwenye nayo, lipa kazi ya dakika chache, urudi na tofali lenye matundu matatu ya vipenyo unavyotumia zaidi. Linabanwa kwa jiliwa juu ya boriti, meshi inapita ndani yake, na haiwezi kulala.

Wazo la kuiongoza meshi husaidia pia kwenye tundu lililokwisha kuharibika. Tuseme boti limeletwa kwa matengenezo, makoo yamechimbwa zamani bila vinywa, na vichwa vya bolti vimekaa juu. Mti wa katikati haupo. Una njia tatu. Ya kwanza ni kuurudisha: chonga kigingi cha milimita 13, kipige ndani ya koo hadi kikaze, kikate usawa na uso, chora kitovu upya juu yake, kisha fuata mpangilio wote tangu mwanzo. Ya pili ni ubao wa kuongozea wenye tundu la milimita 30, unaobanwa juu ya koo. Ili kuuweka katikati, tumia kipande cha mti kilichochongwa mviringo, chini 13 na juu 30: sehemu nyembamba inaingia kooni, ubao unavishwa sehemu nene, unabanwa, kipande kinatolewa. Sasa ukingo wa meshi ya Forstner unaongozwa na ubao, na ncha yake haina kazi. Ya tatu ni ya mhunzi. Springi ya gari iliyokufa ni chuma kizuri, na mhunzi hodari anaweza kufua meshi ya bapa ya milimita 30 yenye ncha ya mviringo ya 13 badala ya ncha kali. Ncha hiyo inaingia kooni na kuishika meshi katikati. Kwa chombo chenye bolti nyingi, hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu meshi ikishafuliwa mara moja, kazi ya siku nzima inakuwa ya asubuhi.

Mbao zenyewe zina neno lao. Kaskazini mwa Maniema, Punia na Lubutu, ni msitu mzito. Kusini, Kasongo na Kabambare, ni savana. Mti wa vyombo hutoka msituni, na mara nyingi hufika kwa fundi ukiwa mbichi, umepasuliwa kwa msumeno wa injini juma lililopita. Mvule huficha ndani yake mawe ya chokaa ambayo huvunja makali ya meshi na kuisukuma pembeni; ukisikia mlio umebadilika, toa meshi, lisagesage jiwe kwa patasi ya zamani, endelea. Afromosia, ambao tangu 1992 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES, huwa mweusi pale unapogusana na chuma chenye unyevu, na weusi huo huanzia kinywani. Bolti iliyopakwa zinki, iliyoketi ndani ya grisi, huchelewesha jambo hilo sana.

Lakini ubichi ndio adui mkubwa. Mti unaokauka hunywea kwa upana wa nyuzi, wala si kwa urefu wake, kwa hiyo tundu la mviringo linageuka yai, na boriti iliyokuwa na milimita 100 inakuwa nyembamba zaidi. Bolti iliyokazwa sana mwezi wa Machi italegea ifikapo Agosti, bila mtu kuigusa. Kama kinywa kimekwisha kuzibwa kwa gundi, hakuna anayeweza kuifikia. Kwa mbao mbichi, basi, jaza kinywa kwa grisi na funika kwa kizibo kisicho na gundi, kinachotoka kwa ncha ya patasi. Subiri kiangazi cha Juni hadi Agosti kipite, boti likiwa limevutwa juu. Kaza bolti zote upya. Ndipo uzibe.

Kizibo kikatwe kutoka mti ule ule, nyuzi zake zikilala kama za boriti, ili vivimbe na kunywea pamoja. Kisikatwe kutoka kichwa cha ubao, maana kizibo cha namna hiyo hunyonya maji na kuyapeleka moja kwa moja juu ya bolti. Kipigwe kwa nyundo ya mti, kiache milimita 2 au 3 juu. Gundi ikikauka, usikikate chote kwa mkupuo: ondoa kidogo kwanza uone nyuzi zinaelekea wapi, halafu ukate kutoka upande ambao haziteremki, la sivyo kizibo kitavunjika chini ya uso na itabidi kichimbwe chote. Bolti nne zinazoshika injini yenyewe ziachwe na grisi tu, bila kizibo cha gundi hata mbao zikikauka, kwa sababu injini itatolewa kwa matengenezo mara nyingi kabla boti halijazeeka, na fundi wake atataka kuingiza spana.